Njiwa mweusi wa Dodona

Siku ya kwanza Athens nilinunua maji nikarudishiwa chenji, sarafu ya yuro moja, kuigeuza hivi nakuta bundi kanikodolea macho. Nikashtuka kweli. Mimi nimelelewa na bibi Tanga, bundi akilia juu ya bati usiku bibi anaamka anatupia chumvi kwenye makaa, na asubuhi safari yoyote imekufa, leo ndege mbaya. Kumbe kwa Wagiriki wa kale bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike, akipita juu ya jeshi walishangilia. Na Kigiriki cha kale neno la ndege lilikuwa ndo hilohilo la dalili, kama sisi na ndege njema yetu. Nikasema Dodona lazima nifike, kule kaskazini magharibi ambako Wagiriki wa kale waliagulia kwenye mti wa mwaloni.

Basi la Ioannina, mji ulio karibu na Dodona, lilikula kama masaa sita, daraja la Rio tulilivuka nimesinzia. Njiani nilikuwa namuwaza Calchas, yule mwaguzi wa vita vya Troy, nyoka alipanda mti mbele ya jeshi zima akameza makinda nane ya shomoro na mama yao wa tisa, wenzake wameduwaa yeye anahesabu tu: miaka tisa tutapigana, wa kumi mji unaanguka.

Ioannina nikapita makumbusho kwanza, na hapo nilikaa sana. Kuna vipande vyembamba vya madini ya risasi kutoka Dodona, vingine havizidi kidole, watu walikuwa wanakwaruza swali lao humo wanakikunja wanamuuliza Zeus, mungu wao mkuu. Mmoja anaitwa Lysanias anauliza, mimba ya Annyla ni yangu? Zaidi ya miaka 2,000 imepita na bado unausikia moyo wake unavyodunda.

Kesho yake teksi, dereva mzee mmoja mpole, tukapanda tukashuka mpaka bondeni, mlima Tomaros uko juu yako una theluji bado. Theatre ni kubwa, ya watu kama 17,000, ila mimi niliipita nikaenda kwenye mwaloni. Ule wa kale ulikatwa mwishoni mwa karne ya 4, huu umepandwa juzijuzi tu, ila umesimama palepale kwenye misingi ya hekalu. Makuhani wa zamani kabisa walilala chini na hawakuosha miguu, baadaye wakaja wanawake, wakiitwa njiwa.

Hao wanawake ndo walionileta. Walimwambia Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, kwamba njiwa wawili weusi waliruka kutoka Thebes ya Misri, mmoja akatua Libya, mwingine akatua kwenye huu mwaloni akasema kwa sauti ya binadamu hapa pawe pa kuagulia. Herodotus akafikiria akasema hapana, huyo alikuwa mwanamke, katekwa kauzwa huku, weusi ni rangi yake, na lugha yake ya kwao wenyeji waliisikia kama ndege analia mpaka alipojifunza ya kwao. Mwanamke wa Afrika, jamani, peke yake bonde hili lenye baridi, na Wagiriki wakaja kumuuliza yeye kesho yao.

Nikavua viatu nikakaa kwenye majani. Njiwa sikumuona, upepo ukashuka mlimani majani yakaanza kusema, nikajikuta namsalimia kwa sauti, shikamoo bibi, nimetoka kwetu, nikamuuliza swali langu lote kwa Kiswahili. Yule mzee wa teksi alikuwa amesimama karibu na ukuta, akainamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.