Chenso iliyokosa nguvu ikifika Mafinga

Chenso (msumeno wa injini) niliyoinunua Dar es Salaam ilianza kusumbua mara tu nilipoifikisha Mafinga, huku nyanda za juu: moshi mzito, inagugumia ikizama kwenye gogo la paina, plagi inatoka nyeusi na imelowa. Mchanganyiko ulikuwa sahihi, oili mililita 100 kwa petroli lita 5. Nikasafisha chujio la hewa, hali ileile.

Kumbe ni mwinuko. Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyosetiwa pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Nikapasha injini moto, nikazungusha kulia kidogo kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli injini ikiwa kwenye resi kubwa, ili kuipunguza, huku nikisikiliza. Hapa usiharakishe hata kidogo. Ukivuta resi yote bila mzigo, mlio lazima ubaki na mkwaruzo kidogo, kisha unyooke cheni inapoanza kula mti. Mlio ukinyooka kabla ya hapo, petroli imepungua mno na pistoni itaungua.

Baadaye nikapanua tundu la ekzosi, badiliko ninalolipenda kuliko yote. Injini ikapumua vizuri zaidi, ikataka petroli zaidi, nikarudisha H kushoto kidogo. Nikishuka na chenso pwani, huifungua H tena.