Kiwanda cha karatasi hakizimwi kwa swichi: Webuye na hesabu za kufunga

Kila msimu wa kampeni ukifika Bungoma, ahadi ya kufufua Pan Paper, kiwanda cha karatasi cha Webuye, haikosi jukwaani. Wasemaji huizungumzia kana kwamba kiwanda ni duka lililopigwa kufuli: ukipata ufunguo na mtaji, unafungua na kuendelea kuuza. Kiwanda cha rojo (uji wa nyuzi za mti unaotengenezewa karatasi) na karatasi hakina mzaha huo. Namna kilivyozimwa ndiyo huamua kama kitawahi kuwaka tena, na namna watu walivyoachishwa kazi ndiyo huamua mji utachukua muda gani kusimama.

Kwa wasioujua mji wenyewe: Webuye uko kando ya reli na barabara kuu iendayo Malaba, na Mto Nzoia unapita hapo hapo. Zamani uliitwa Broderick Falls. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilikuwa ubia wa Serikali ya Kenya, IFC ya Benki ya Dunia na Orient Paper Mills ya India, na kilianza kuzalisha mwaka 1974. Kilijengwa pale kwa sababu tatu: maji ya Nzoia, reli, na mashamba ya misonobari yaliyopandwa kwa ajili yake upande wa Turbo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake mwaka 1999, Pan Paper ilikuwa miongoni mwa kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea. Hata hivyo gharama za umeme na mafuta, madeni ya mabenki na karatasi za bei nafuu kutoka nje vikaifikisha mwisho mapema mwaka 2009. Serikali ikajaribu kuiwasha tena, haikudumu. Mwaka 2016 mali zake zikauzwa kwa kundi la kampuni la Rai kwa shilingi milioni 900.

Tuanze na magogo, maana hapo ndipo ukubwa wa jambo unapoonekana. Tani moja ya rojo la msonobari hutaka takriban mita za ujazo 4.5 za magogo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa mti huyeyuka wakati wa kupikwa. Chukua kiwanda cha tani 100,000 kwa mwaka: hizo ni mita za ujazo 450,000. Lori moja likibeba mita 25, unahitaji safari 18,000 kwa mwaka, karibu 50 kila siku ikiwemo Jumapili. Nyuma ya kila safari kuna wakataji, wapakiaji, dereva na turnboi wake, fundi wa tairi, kituo cha mafuta, na mama anayepika ugali na maharagwe pale malori yanapopanga foleni ya mizani. Wengi wao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya kiwanda. Kwa hiyo ukisoma kwamba kiwanda kimefungwa na watu elfu moja na kitu wamepoteza kazi, jua umesomewa nusu ya hesabu.

Sasa mtambo wenyewe. Magogo hubanduliwa maganda, hukatwa vipande vidogo, kisha hupikwa ndani ya mapipa makubwa ya shinikizo kwa magadi makali na salfaidi ya sodiamu, kwenye joto la kama nyuzi 170 za selsiasi. Kinachotoka ni rojo, pamoja na maji meusi yenye dawa zote na sehemu ya mti iliyoyeyuka. Maji hayo meusi ndiyo roho ya biashara. Huchemshwa hadi yawe mazito, kisha hunyunyizwa ndani ya boila maalumu yaungue kama mafuta. Sehemu hiyo ya mti ikiungua inatoa mvuke wa kuendeshea mitambo, nayo dawa hushuka chini ya tanuri zikiwa uji wa moto wa nyuzi zaidi ya 750, zikakusanywa na kurudishwa kazini kwa kutumia chokaa. Tani moja ya rojo huacha kama tani moja na nusu ya mabaki makavu ya kuchoma. Kiwanda kisicho na boila hiyo hununua dawa upya kila siku na kumwaga sumu mtoni. Hakuna hesabu inayokubali hilo.

Kukizima vizuri kunachukua kama wiki mbili, na umeme unahitajika muda wote. Kwanza unaacha kuingiza vipande vya mti, unamaliza kupika vilivyomo na kuyamwaga mapipa yabaki matupu. Rojo lote lisukumwe hadi kwenye mashine ya karatasi. Likiachwa ndani ya matangi huoza, hutoa gesi ya salfaidi hidrojeni, na mtu anayeingia kusafisha miezi sita baadaye bila kupima hewa anaweza asitoke. Maji meusi mepesi hayana shida sana, lakini yaliyokwisha kuwa mazito huganda yakipoa na kuziba mabomba ya vichemshio. Husafishwa kwanza kwa maji meusi mepesi ya moto, kisha kwa maji safi, wala si kinyume chake.

Boila ndiyo yenye hatari kubwa. Ule uji wa dawa ulio chini lazima uunguzwe hadi uishe kwa kutumia vichomeo vya mafuta, halafu tanuri iachwe ipoe kwa siku kadhaa. Maji yakigusa uji huo ukiwa bado wa moto, hulipuka papo hapo; viwanda duniani vimepoteza watu kwa kosa hilo. Ikishapoa, mabomba ya boila ama yakaushwe kabisa na kufungwa pamoja na dawa ya kufyonza unyevu, ama yajazwe maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa oksijeni na kupimwa kila wiki. Ukiyaacha nusu maji nusu hewa, kutu huyatoboa kutoka ndani, nawe kwa nje huoni chochote.

Tanuri ya chokaa, ile ya kuchomea chokaa ya kurudishia dawa kazini, ni bomba refu la chuma lililolala, lenye matofali ndani, linalozunguka polepole. Likisimama likiwa na moto, upande wa juu na wa chini hupoa tofauti na bomba linapinda. Ndiyo maana huwa na injini ndogo ya dizeli ya kulizungusha umeme ukipotea, na ndiyo maana injini hiyo inapaswa kuwashwa kwa majaribio kila wiki. Viwanda vilivyoishiwa fedha huanza kupuuza hapo hapo: dizeli ya akiba inaibwa au inatumiwa kwenye magari.

Kwenye mashine za karatasi, toa nyavu na blanketi zote, paka grisi, na uzungushe roli robo mzunguko kila wiki. Roli ya tani kadhaa ikikaa mkao mmoja miaka miwili, bearing zake huingia alama na shafti inapinda kwa uzito wake. Mota kubwa zina hita ndogo ndani za kuzuia unyevu, nazo zinataka umeme. Klorini ya kung'arishia rojo iliyobaki irudishwe kwa aliyeiuza, isibaki ghalani.

Linalouma ni hili. Kampuni ikikaribia kuanguka, deni la kwanza kushika shingo huwa la umeme, na umeme ukikatwa ghafla hakuna hata moja kati ya hatua hizi linaloweza kukamilika. Mdai anayekata umeme ili alipwe anaharibu mali ile ile ambayo ingemlipa. Viongozi wa kaunti, chama cha wafanyakazi na mabenki wakikaa meza moja mapema, jambo la kwanza la kudai ni umeme wa kuzimia kiwanda, wiki mbili au tatu, na walinzi na mafundi wachache wa kulipwa kukitunza baadaye. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na boila mpya. Pasipo mafundi hao wezi huja kwa mpangilio: nyaya za shaba kwanza, kisha mota ndogo, kisha valvu za shaba nyeupe, mwisho mabati ya paa. Mvua ikishaingia kwenye paneli za umeme, unachomwonyesha mnunuzi ni mzigo wa vyuma chakavu.

Upande wa watu nako kuna hatua, na wengi huzikosa kwa kutojua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inataka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, alipe likizo ambayo hukuichukua, na alipe fidia ya si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Kwa aliyelipwa 24,000 kwa mwezi, siku moja ni 800, siku 15 ni 12,000; miaka 18 ni 216,000. Hesabu hiyo iandikwe na isainiwe kabla hujatoka getini. Dai pia cheti cha utumishi. Bila cheti, fundi wa boila wa miaka 18 anaomba kazi Eldoret au Nairobi kama kibarua asiye na ujuzi.

Kampuni ikiwa imefilisika, mambo hubadilika. Ardhi na mitambo huwa imewekwa rehani kwa mabenki, na hao hutangulia. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mishahara ya miezi minne iliyotangulia, likizo na fidia ya kuachishwa hupewa kipaumbele kwenye mali nyingine, kama karatasi zilizo ghalani, lakini kikomo ni shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Yule wetu wa 24,000 akiwa pia anadai miezi minne, yaani 96,000, jumla yake ni 312,000. Laki mbili zina nafasi. 112,000 zilizobaki zinaingia foleni moja na muuza vipuri na muuza kuni, na foleni hiyo mara nyingi haifiki dirishani. Wasilisha dai lako kwa maandishi kwa mrasimu, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyofilisika, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Madai ya ajira yana miaka mitatu tu kwenda mahakamani; anayesubiri kiwanda kifunguliwe ndipo adai, anapoteza yote mawili.

Halafu kuna sacco, jambo ambalo ripoti za uchumi hulipita juu juu. Mkopo wa sacco ya kazini unadhaminiwa na wenzako wa kazini. Mmoja akifukuzwa, watatu waliobaki wanambeba. Wote wakipoteza kazi siku moja, kila mdhamini naye ni mdaiwa, na kinachobaki ni kukata akiba kulipia mikopo. Mtu aliyekuwa na akiba ya 150,000 akiwa amemdhamini jirani anajikuta na sufuri bila yeye kukopa hata shilingi. Udugu umevunjika kwa njia hiyo kuliko kwa siasa. Dawa yake ni ya kabla ya msiba: sacco ya mji wa kiwanda kimoja ipokee wanachama wasio wa kiwanda, walimu, wauguzi, wafanyabiashara, ili wadhamini wasianguke pamoja. Kifo cha mkopaji huwekewa bima. Kufungwa kwa mwajiri mara nyingi hakuwekewi.

Madukani, daftari la mkopo ndilo kipimo cha kweli. Mwezi wa kwanza mwenye duka anaandika kama kawaida kwa kuwa anawajua wateja. Mwezi wa tatu hana fedha za kununua bidhaa Bungoma mjini, rafu zinaanza kuonyesha mbao. Wenye nyumba za kupangisha wanashusha kodi, kisha wanaacha kukarabati, na waliojenga kwa mkopo wa benki wanauza ploti kwa bei ya hasara. Vijana wanaenda Nairobi. Wazee wanarudi shambani, na palipogawanywa ekari mbili kwa wana watano, mahindi hayatoshi kufika Machi. Wengine walikimbilia miwa, nako kampuni ya sukari ya Nzoia, jirani hapo, imewahi kuwa na madeni yake kwa wakulima.

Kuna kilichopungua pia. Mapishi ya aina hii hutoa gesi za salfa, ndiyo ile harufu ya yai bovu, na hewa yenye salfa ikikutana na umande hula zinki ya mabati. Paa za Webuye zilipata kutu mapema kuliko kawaida na wenyeji walilalamika miaka mingi, kama walivyolalamikia maji ya Nzoia chini ya kiwanda. Kiwanda kiliposimama, bati lilipumzika. Anayetaka kukirudisha bila kutaja visafisha moshi na mabwawa ya maji machafu anataka kurudisha na hilo.

Kufufua kunawezekana. Mgololo kule Mufindi, Tanzania, kilisimama miaka ya 1990, kikauzwa kwa kundi hilo hilo la Rai, na kikarudi kuzalisha. Lakini Mgololo kilikuwa na msitu wa kutosha mlangoni. Msonobari wa rojo huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Ambao haukupandwa 2009 hauwezi kukatwa leo. Njia ya mkato ni kuendesha mashine ya karatasi peke yake kwa karatasi taka kutoka mijini: haihitaji mapipa ya kupikia wala boila ya maji meusi, na inatoa karatasi ya katoni. Ni kazi halali, ila malori 50 ya magogo hayarudi nayo, wala wale wakataji, wapakiaji na mama wa mizani.

Basi mgombea akisimama kusema kiwanda kinafunguliwa, muulizeni kinafunguliwa kipande gani. Boila ya maji meusi imepimwa unene wa mabomba na nani, lini? Magogo yatatoka msitu upi, mita ngapi kwa mwaka, kwa mkataba wa miaka mingapi? Umeme wa kilo ya karatasi utagharimu kiasi gani ukilinganisha na karatasi inayoshushwa Mombasa? Na wale wa 2009 ambao hawajalipwa, wamo kwenye bei ya ununuzi au hawamo?