Kidole Kikae Nje

Mwanangu ametimiza miaka 11, na hapa Minnesota, Marekani, huo ndio umri wa kuanza darasa la usalama wa bunduki kabla ya kuwinda kulungu. Mimi sikusubiri darasa. Jana usiku, mezani, nilimpa bunduki tupu: “Ichukulie ina risasi, hata nikikwambia haina.”

Akaelekeza mtutu ukutani, mbali na sisi, akafungua chemba, pale risasi inapokaa, akachungulia, kisha akapapasa ndani. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka, nje kabisa ya kifyatulio. Machozi yalinilengalenga.

Mdogo wake ana miaka 5. Huyo namrudishia maneno yaleyale kila wiki: ukiiona usiguse, ondoka, niite. Bunduki iko kwenye sefu, risasi nimezifungia kwingine, funguo natembea nazo.