Inuka ule, safari bado ni kubwa

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii nimechoka, naanza na hilo ili msome mkijua anayeandika yuko kwenye hali gani. Mama bado yuko kitandani, upande wa kulia haujarudi tangu apate kiharusi, na kila baada ya masaa mawili lazima ageuzwe ili mgongo usichubuke. Usiku tunapokezana mimi na dada. Alamu inalia saa nane, unawasha tochi ya simu, unamgeuza, unamwekea mto katikati ya magoti, unaangalia kisigino kama kimeanza kuwa chekundu, unampa maji kwa kijiko taratibu asije akapaliwa, unajilaza, saa kumi alamu tena. Asubuhi kazini. Wiki ya kwanza nyumba yetu hapa Pasua, Moshi, ilijaa watu mpaka viti tukaazima kwa jirani, kwaya ikaja, wanajumuiya wakaja, rozari kila jioni. Sasa hivi nyumba imetulia kabisa, na mama bado anahitaji kugeuzwa saa nane usiku.

Kinachonisaidia ile saa nane ni simu. Mtoto wa shangazi yangu ni mtawa, wengine mnamkumbuka alifundisha komunyo ya kwanza kabla hajaenda masomoni Hispania, na likizo hii anatembea kwa miguu njia ya hija ya Mtakatifu Yakobo. Kila jioni akifika anapolala anarekodi sauti ananitumia WhatsApp, na mimi nazisikiliza usiku nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mama, earphone sikio moja, sikio lingine namsikiliza mama anavyopumua.

Kwa wasioijua, njia yenyewe wengi wanaanzia mji mdogo upande wa Ufaransa unaitwa Saint-Jean-Pied-de-Port, wanavuka milima ya Pirenei, halafu wanaikata Hispania ya kaskazini yote kwenda magharibi mpaka Santiago de Compostela, ambako kwa mapokeo ndiko ulikolazwa kaburini mwili wa Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo, ndugu yake Yohane. Ni kama kilomita 780. Yaani utoke Moshi kwa miguu, uifike Dar, na bado uwe na kilomita kama mia mbili mbele yako. Watu wanatumia mwezi mmoja, wengine wiki tano. Unabeba kijitabu kinachogongwa mhuri kila unapolala, unafuata mishale ya njano iliyopakwa kwenye mawe na kuta na nguzo za umeme (mishale hiyo aliianzisha paroko mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Padre Elías Valiña, miaka ya 1980, na ndoo yake ya rangi kwenye gari, nampenda sana padre huyu bila kumjua), na kwenye hosteli nyingi za mahujaji unaruhusiwa usiku mmoja tu, asubuhi unafunga mzigo unaondoka, isipokuwa uwe mgonjwa.

Sista anasema watu walimtisha na milima. Na kweli siku ile ya kwanza unapanda zaidi ya mita elfu moja. Lakini mlima hata haukumsumbua, mtoto wa Kibosho huyo, kakulia kwenye miteremko. Kilichomsumbua ni tambarare. Ukishapita mji wa Burgos unaingia uwanda wa juu, mashamba ya ngano pande zote, ngano imeshavunwa, jua kali, barabara imenyooka mpaka macho yanachoka. Kuna kipande baada ya mji wa Carrión de los Condes, karibu kilomita 17 hakuna kijiji wala duka, jana unaiona hiyo hiyo, leo hiyo hiyo. Ananiambia, kaka, hapa hakuna anayenipigia makofi, na hapa ndipo nimelia.

Nikamwelewa mara moja. Nikafungua ile habari ya Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 19, na tangu Jumatatu sijatoka hapo.

Mnaijua habari yenyewe. Sura ya 18 Eliya yuko Karmeli, moto umeshuka, watu wameanguka kifudifudi, mvua imenyesha, anapiga mbio mbele ya gari la Ahabu. Geuza ukurasa, ametishiwa na Yezebeli, amekimbia mpaka Beer-sheba, amemwacha mtumishi wake huko, ameingia jangwani mwendo wa siku moja, ameketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anamwambia Mungu yatosha, uiondoe roho yangu. Halafu akalala. Malaika akaja akamgusa. Na mimi wiki hii nimekaa na swali moja tu, malaika alimwambia nini?

Hakumwambia Eliya imani yako imepungua. Hakumuuliza mbona juzi ulikuwa na nguvu hivi. Hakumpa mfungo wa siku saba. Alimwambia inuka, ule. Na pale kichwani pake palikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika hakumgombeza kwa kulala tena. Akarudi mara ya pili, akamgusa tena, inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.

Wapendwa hebu tuisome polepole hiyo. Safari hii ni kubwa mno kwako. Mbingu yenyewe imekiri. Sisi huwa tunamwambia mtu nini? Tunamwambia Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba. Nimeambiwa hilo mwaka huu mpaka nikaacha kuhesabu, na watu wanaosema wananipenda, najua. Lakini tusimsingizie Paulo, yeye kule kwenye Wakorintho wa Kwanza 10:13 alikuwa anaongelea majaribu ya kutenda dhambi, hakuwa anaongelea mtu anayemgeuza mama yake usiku. Kwa Eliya neno la Mungu lilikuwa kinyume kabisa, mzigo huu ni mkubwa kuliko wewe, kwa hiyo kula. Na kwa nguvu za chakula hicho akaenda siku arobaini, mchana na usiku, mpaka Horebu.

Sasa nirudi kwa Sista maana kuna sauti moja alituma nimeirudia mara nyingi. Siku hiyo alifika San Nicolás, kanisa dogo la zamani limesimama peke yake karibu na mto Pisuerga, zamani lilikuwa nyumba ya kupokelea mahujaji na sasa hivi wanaolihudumia ni Waitaliano wa udugu fulani wa mahujaji. Umeme hakuna, wanawasha mishumaa. Kabla ya chakula cha jioni wanawakalisha wageni wote kwa duara, mzee mmoja anakuja na jagi na beseni, anamimina maji kwenye mguu wa kila mtu, anaupangusa, anaubusu. Sista anasema alijaribu kuuficha mguu wake, kidole gumba kucha ilishakuwa nyeusi, na soksi, jamani, mnajua soksi za kutembea kutwa zinavyonuka. Yule mzee hakujali, akaubusu mguu vile vile, na baadaye ikaja tambi na divai na mkate. Asubuhi chai, wakapewa baraka, wakaondoka.

Hakuhubiriwa kitu pale. Lakini anasema kilomita za siku iliyofuata hazikumlemea.

Ndiyo maana nikaelewa kwa nini njia ile imeishi zaidi ya miaka elfu moja. Tunawasifia wanaotembea, ila njia inashikiliwa na wanaopika na kutandika vitanda. Kuna mji njiani unaitwa Santo Domingo de la Calzada, jina la mtakatifu aliyekufa mwaka 1109. Inasimuliwa alitaka kuingia utawani akakataliwa, basi akakaa pale pale porini akaanza kufyeka njia ya mahujaji, akajenga daraja juu ya mto Oja, akajenga nyumba ya kuwalaza. Huo ndio utakatifu wake, daraja na kitanda.

Na mimi hili nililiona mlimani kabla sijaliona kwenye Biblia. Miaka ile nafanya kazi Kilimanjaro, kwanza mgumu, yaani mbeba mizigo, baadaye msaidizi wa mpishi, njia ya Machame. Wageni wanaondoka kambi ya Barranco asubuhi na vibegi vya maji mgongoni, sisi tumebaki tunakunja mahema na kuosha masufuria kwa maji yanayokata vidole, halafu tunawapita pale kwenye ukuta wa mwamba na kilo 20 kichwani, ili wakifika kambi ya Karanga wakute hema limesimama, maji ya moto ya kunawa kwenye beseni, bisi na chai mezani. Mgeni anashuka na cheti cha Uhuru, na anastahili, miguu ni yake. Lakini muulizeni mgeni yeyote mwenye akili, atawaambia bila yule mtu wa bisi asingefika. Kanisa tumejaza wahubiri wa kumwambia mgeni usikate tamaa kilele ni kile pale. Mtu wa beseni yuko wapi?

Nitasema kwa ukali kidogo na mnivumilie, maana nasema nikiwa ndani ya jumuiya sio nje. Tumekuwa hodari wa siku ya kwanza. Mtu akipata msiba, akilazwa, tunafurika, tunachanga, tunakesha, na hiyo ni zawadi kubwa sana watu wa huku Uchagani tumepewa, sitaibeza. Lakini ugonjwa ukigeuka kuwa wa miezi tunahama. Tunabaki na meseji, andiko moja na emoji ya mikono. Barua ya Yakobo (sio Yakobo huyu wa Compostela, nasema mapema kabla makatekista hawajanivamia) sura ya pili inawasema watu wanaomwambia ndugu mwenye njaa nendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba, wasimpe kitu. Sisi tunasema kwa maombi, eti tunakuombea mpendwa. Asante. Na sufuria je? Na ule usiku wa Ijumaa nani atakaa? Kuna mwenzetu mume wake anapelekwa kusafishwa damu mara tatu kila wiki, kila wiki, hakuna wiki ya mapumziko, na nimemsikia mtu anasema siku hizi haonekani jumuiya amepoa kiroho. Hajapoa jamani. Yuko chini ya mretemu, na sisi tumepita tukamuandika mtoro kwenye daftari la mahudhurio.

Na ninyi mnaouguza, mnaolea mtoto asiyekaa wala kusema, mzee uliyebaki na wajukuu watatu, neno langu kwenu ni fupi. Kulala sio dhambi. Bwana wetu alisema yatosha kwa siku maovu yake, usihesabu usiku wa mwezi ujao, geuza wa saa nane, umemaliza, wa saa kumi una neema yake. Na mtu akikuletea chakula usimwambie tusingependa kukusumbua. Pokea. Sista aliuficha mguu, akaambiwa lete hapa.

Mimi nimepokea. Alhamisi iliyopita mama mmoja wa jumuiya, simtaji maana atanigombeza, amefika saa mbili usiku na hotipoti ya mtori, ndizi zimesagwa vizuri, nyama laini, hakukaa kwenye kochi kusubiri soda. Akaenda moja kwa moja jikoni akachukua sahani, akanipakulia mimi kwanza, akapoza wa mama pembeni, akaniambia baba, kula hapa nikikuona, ukimaliza uende ukalale, wewe na dada yako wote, mimi nipo mpaka alfajiri, nimeshawahi kumuuguza mkwe wangu najua kugeuza. Nilitaka kubisha. Akasema kula. Nikala nimesimama, nikalala na viatu, nikaamka jua limeshatoka na mama amebadilishwa shuka, amesukwa na nywele. Sikuomba sala yoyote usiku ule wapendwa, hata ishara ya msalaba sikumbuki kama nilifanya, na kwa muda mrefu sijawahi kuwa na uhakika kiasi hicho kwamba Mungu anaijua namba ya nyumba yetu.

Kwa hiyo Alhamisi hii tukikutana, rozari itakuwa fupi, nimeshaongea na mwenyekiti, na muda unaobaki katibu atapitisha karatasi ya zamu. Nyumba zenye wagonjwa ni nne kwa sasa. Mkiona kuna nyingine imesahaulika iandikeni, hata kama sio ya jumuiya yetu, hata kama ni Walutheri, hata jirani Muislamu, mgonjwa ni mgonjwa. Asiyeweza kupika akae usiku, asiyeweza kukaa usiku afue, vijana mna bodaboda mtapeleka watu hospitali asubuhi. Atakayepangiwa nyumba asipige simu kuuliza mnahitaji nini, mtu aliyechoka hawezi kujibu hilo swali, aende tu na chakula na aulize ufagio uko wapi.

Sista yuko León sasa, anawasalimu, anaomba mumuombee goti la kushoto. Na wanaopeleka kwenye nyumba zenye wagonjwa wa presha, tafadhali mtori chumvi kidogo sana, nyingine wenyewe wasiokuwa na presha wataongeza mezani.