Wanachama wote wamekuwa Zuhura

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni. Jana jioni kaja na kompyuta yake na zoezi la Java, lugha ya kuandikia programu: soma rekodi za wanachama wa kikoba kutoka kwenye faili, kila mmoja na namba, jina na akiba yake, kisha uzichapishe. "Anko, hii Java mbovu. Haisemi kitu." Ni kweli, ilikuwa inamaliza kimya.

Ukimya aliuleta mwenyewe. Sehemu yote ya kusoma kaizungushia try, na catch, pale kosa linaposhughulikiwa likitokea, kaiacha tupu, kwa sababu wenzake wamemwambia ndivyo maandishi mekundu ya makosa yanavyoondolewa. Ushauri huu wanafunzi wanarithishana tangu enzi zetu, sijui nani aliuanzisha. Nikamwambia aweke e.printStackTrace(), inayochapisha kosa lilivyotokea, mle ndani. Likatoka InputMismatchException, yaani kilichokutwa si cha aina iliyotarajiwa, pamoja na namba ya mstari. Yeye kakunja uso. Mimi roho ikatulia.

Faili lilianza hivi:

104
Mwanahamisi
25000

Namba anaisoma kwa nextInt, inayosoma namba nzima, jina kwa nextLine, inayosoma hadi mwisho wa mstari, akiba kwa nextInt tena. Kwa macho huoni tatizo. Ila nextInt ikishaichukua 104 inasimama papo hapo, haivuki mwisho wa mstari. nextLine inakuja, inaokota hicho kipande kilichobaki na kurudisha jina tupu. Zamu ya akiba ikifika, inagongana na Mwanahamisi. Programu inaangukia kwenye akiba, kumbe ilishapotea kwenye jina.

Mikono ilikuwa inaniwasha, lakini sikugusa kibodi. Nilimwomba tu achapishe jina ndani ya mabano ya mraba mara baada ya kulisoma. Yakatoka mabano matupu. "Anko, mbona jina halipo?" Kuanzia hapo alienda mwenyewe: kila mstari kwa nextLine, kisha maandishi ya namba ayageuze kuwa namba kwa Integer.parseInt. Wapo wanaochomeka nextLine moja ya kumeza mabaki. Inafanya kazi, siipendi. Baada ya mwezi hakuna anayekumbuka iko pale kwa nini.

Orodha ikatoka, na wanachama wote wakawa Zuhura, yule wa mwisho kwenye faili, wote na akiba yake. Safari hii hapakuwa na maandishi mekundu hata mstari mmoja. Mstari wa new Mwanachama(), unaotengeneza mwanachama mpya, ulikuwa nje ya kitanzi, ile sehemu inayorudiwa kwa kila rekodi, kwa hiyo kila mzunguko uliandika juu ya mtu yuleyule, na orodha ikambeba huyo mmoja mara nyingi. Hili ndilo linalonitisha. Idadi ya watu iko sawa, programu haijalalamika, na msahihishaji mwenye haraka angeipitisha.

Akausogeza mstari huo ndani ya kitanzi, majina yakarudi kwa wenyewe. Kisha akaongeza mstari mtupu mwishoni mwa faili, kwa makusudi, na kuiendesha tena. NumberFormatException: mstari mtupu haugeuki namba. Akacheka, akavuta kiti karibu na meza.