Begi nimeliweka chini

Msimu wa Safari Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu ya Kenya, umeisha, na mabega bado yanauma. Nimembebea mchezaji wangu vifaa tangu baridi ya Limuru hadi upepo wa Vipingo, ambako mpira ukipigwa juu sana unapeperushwa mpaka kwenye majani marefu. Watu hutazama Kenya Open tu, yale mashindano makubwa ya kimataifa. Hawajui kwamba Wakenya wengi wamepigania nafasi zao za kuingia humo huku kwenye Safari Tour, shimo kwa shimo, miezi kadhaa kabla.

Shimo la mwisho, pigo la mita moja. Nilishika bendera, nikaona vidole vyake vinatetemeka kwenye mpini. Mpira ukazunguka ukingo, ukasita, ukatumbukia. Amefuzu! Tulikumbatiana kimya. Kaka yangu huyu naye alianza kwa kubeba mabegi ya wengine.