Shavu Lililocheza Usingizini

Juzi usiku binti yangu, aliyekuwa akijisomea kwa ajili ya mtihani, aliniuliza ni mgeni gani atakayetujia, kwa kuwa ukope wake wa chini ulikuwa ukimcheza tangu asubuhi. Nilimjibu kwamba hakuna mgeni. Ni usingizi mchache na kahawa nyingi, na akipumzika utatulia wenyewe baada ya siku chache. Kwa watu wengi jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo nilipozima taa sikupata usingizi, kwa sababu miaka mingi nyuma, kule Wete, Pemba, nilimwambia Mama maneno kama hayo, na kwake hayakuwa kweli.

Kwa Mama nako kulianzia kwenye ukope, wa kushoto. Miezi ikapita, kukashuka shavuni, kisha kwenye pembe ya mdomo, upande ule ule mmoja, na jicho likawa linafumba bila ya yeye kutaka. Shangazi alisema ni upepo, akaandikiwa kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, akanywa. Mimi niliyejiona nimesoma nikasema ni mawazo ya kufiwa na Baba. Siku moja sokoni mwanamke mmoja alimtukana mbele ya watu, akidhani anamkonyeza mumewe. Tangu siku hiyo Mama akawa anajifunika nusu ya uso kwa kanga, na maulidini hakwenda tena.

Nilifika likizo wakati wa msimu wa karafuu. Usiku huo umeme ulikatika, nikaingia chumbani kwake na kandili ili nimchomekee chandarua. Alikuwa amelala fofofo baada ya kuchambua karafuu tangu alasiri, na vidole vyake vilikuwa bado vinanukia. Nilipoisogeza kandili niliona ukope wa kushoto ukitetemeka, ukabana. Shavu likavutwa juu mara tatu, mara nne, na pembe ya mdomo ikafuata, mfano wa kitambaa kinachovutwa uzi kwa upande wa ndani. Kukatulia. Kukaanza tena. Pumzi zake zilikwenda taratibu, kiganja kiko wazi juu ya mto, na nusu ya kulia ya uso ilikuwa shwari kama ya mtoto mchanga. Nilisimama pale mpaka mkono ulioshika kandili ukaniuma, nikijiuliza mtu aliyelala vile ana mawazo gani.

Wiki iliyofuata tulipanda boti Mkoani, tukavuka Unguja hadi Dar es Salaam. Miongoni mwa maswali ya mwanzo ya daktari ni iwapo shavu hucheza hata akiwa usingizini. Alitueleza kwamba neva ya saba, itokayo kwenye shina la ubongo kuendesha misuli ya uso, mara nyingi hubanwa na mshipa wa damu pale pale inapochomoza, ikawa inaamrisha misuli bila ya kutumwa, na usingizi hauizuii. Baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna uvimbe, alitaja njia mbili: upasuaji wa kuweka kipande laini baina ya mshipa na neva, au sindano ndogo ndogo za botulinamu, ambazo hulegeza misuli kwa miezi mitatu au minne hivi, kisha hurudiwa. Mama aliogopa kisu, akachagua sindano.

Haikutimia wiki mbili uso ukatulia. Alikwenda maulidini, uso wazi. Kombe nalo hakuliacha. Kila safari ya sindano alikunywa kwanza, nami sikumkataza. Hakuwahi kuniuliza kwa nini nilimwambia ni mawazo kwa miaka miwili mizima, na sijui kama kutouliza kwake kulikuwa kusamehe.

Jana usiku niliingia chumbani kwa binti yangu akiwa amelala, nikawasha taa ya simu na kuikinga kwa kiganja. Ukope wake ulikuwa umetulia. Niliendelea kuutazama.